Kifuniko cha Mzee Gyebi

Hakuna mtu katika Suame Magazine nzima, mtaa wa magereji wa Kumasi, aliyejua kujisifu kama Mzee Gyebi, na hakuna aliyekuwa na machache ya kujisifia kama yeye. Hayo yalikuwa maoni ya Birago, na Birago alikuwa na haki ya kuwa na maoni, maana alikuwa amekula vumbi la gereji ya mtu huyo miaka saba.

Wanagenzi aliofika nao walikwisha kuwekwa huru zamani. Siku ya kuwekwa huru, mafunzo yakiisha, bosi humwekea mtu mikono kichwani mbele ya majirani, akammwagia poda nyeupe hadi kope zikafanana na za bibi kizee, watu wakapiga makofi, na kesho yake mtu huyo ana spana zake na jina lake. Birago, miaka thelathini na miwili, alibaki pale pale. Kila mwaka Mzee Gyebi alimwambia "Mwaka ujao," kwa sauti ile ile aliyofukuzia kuku. Na bila poda hiyo huna chako Magazine. Ukiliponya gari, sifa ni za bosi. Ukijitia kufungua banda lako kwa kiburi, hakuna mteja wa maana atakayekanyaga kwako.

"Mwanamke mwenye gereji," Mzee Gyebi alipenda kuwaambia wateja, "ni sawa na mbuzi mwenye miwani. Anapendeza, lakini anasoma nini?"

Wateja walicheka. Birago aliwasikia akiwa chini ya magari yao, akikaza nati ambazo Mzee Gyebi alikuwa amesahau kuzikaza.

Lililomkera zaidi lilikuwa jambo la petroli. Magazine hapaishi maneno juu ya petroli, kwa sababu fundi huoshea vyuma petroli, huoshea mikono petroli, na si kila mara petroli hiyo ni yake. Kwa hiyo mteja anapomwachia fundi gari, hutumbukiza kijiti kwenye tangi, akakitoa, akaweka alama kwa ukucha pale unyevu ulipoishia, akamwonyesha. "Hapa," husema mteja. "Nimeona," hujibu fundi. Yameisha, na hakuna anayenuna. Ni salamu ya watu wazima wanaoheshimiana. Wanagenzi hawana salamu hiyo. Wanagenzi hufungiwa tu.

Na hakuna bosi aliyefungia kama Mzee Gyebi. Alikuwa na pijo kuukuu la rangi ya uji, lililomzidi Birago umri, limeandikwa kwenye kioo cha nyuma WENYE WIVU WATACHOKA. Mvua zilipoanza mwaka ule alilinunulia tangi la gari hilo kifuniko cha kufuli. Akaona hakitoshi. Akakata mpira wa tyubu ya lori, akaubandika kwa ndani, kifuniko kikabana hata harufu haikupenya. Ufunguo akautundika kiunoni kwa kamba. Geji ya mafuta ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo alitembea na kijiti chake, na kila aliposhuka garini alifungua, akapima, akafunga, huku akiwatazama wanagenzi wake mmoja mmoja kama askari jela.

Haukupita mwezi, pijo likaanza kukohoa.

Lilianza mlimani. Injini ilikosa moto mara moja, mara mbili, ikatetemeka, ikashika tena. Baadaye ikawa inazimika kabisa katikati ya barabara, na magari ya nyuma yakapiga honi, na madereva wakasoma maandishi ya kioo cha nyuma kwa sauti kubwa. Likikaa kidogo linawaka. Linakwenda vizuri, mtu anasahau, halafu linakohoa tena.

"Fundi ambaye gari lake linamfia njiani," alisema Fosuaa, mama aliyeuza ndizi za kuchemsha mkabala na gereji, "ni kinyozi mwenye chawa." Alisema hivyo Mzee Gyebi akiwa karibu, akisubiri kupakuliwa.

Mzee Gyebi akaliita jeshi. Magazine kila mtu ana kipande chake cha gari, na nje ya kipande hicho hajui kitu wala hataki kujua. Akaja mtu wa kabureta, akaifungua, akaiosha, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo. Gari likawaka. Akaondoka akitembea kwa maringo, na siku ya pili gari likazimika. Akaja mtu wa koili, akasema tangu mwanzo alijua ni koili. Likawaka, likazimika. Wa plagi akasema koili haina kosa. Wa pampu akawatukana wote watatu. Kila mmoja aliliacha likinguruma, na kila mmoja aliapa kwamba lililozimika baadaye lilikuwa tatizo jingine jipya. Birago aliwatazama wakija na kwenda, akajiuliza ni nani aliyewaambia wapumbavu hawa kwamba injini ni nyama ya kugawana.

Hapo ndipo mama mkwe wa Mzee Gyebi alipofariki.

Msiba ulikuwa kijijini kwa wakwe, mbele ya Mampong, na Jumamosi mkwe alitakiwa kufika mbele ya ukoo mzima na vitu vyake vya kuzikia: mikeka, mablanketi, vitambaa, chupa za pombe. Wakwe wale hawakuwahi kumhesabu kuwa mtu. Kufika na mizigo kichwani, jasho likimtoka, kungewapa cha kusema miaka ishirini.

Alhamisi jioni alimwita Birago, akamwambia bila kumtazama, "Wewe unajifanya unajua. Jumamosi tunakwenda wote. Nifikishe, nirudishe, gari lisizimike. Jumapili nakumwagia poda."

"Unasema kweli, Mzee?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Birago alizihesabu kichwani zile "Mwaka ujao" zote. Lakini moyo ulimdunda, na alijichukia kwa sababu ulidunda. Alimdharau mtu huyu kuanzia kofia hadi kandambili, na bado alilitaka lile lililokuwa mkononi mwake tu.

Ijumaa alifanya kazi peke yake, polepole, kama alivyopenda. Alitoa plagi moja moja, akaziona kavu na safi. Cheche ilikuwa ya buluu, kali. Pointi zilikuwa sawa. Akafungua bakuli la kabureta, likawa na petroli safi isiyo na tone la maji. Pampu ilisukuma. Gari lilinguruma pale gerejini bila kukosea hata mpigo mmoja. Alikaa juu ya tairi akafikiri. Moto upo. Kwa hiyo njiani linakosa petroli. Na petroli inatoka wapi? Katika gari zima pamebaki mahali pamoja ambapo mkono wa fundi haujafika.

"Mzee, nipe ufunguo wa tangi. Nataka nione ndani, huenda pana uchafu."

Mzee Gyebi alicheka hadi akajishika mbavu. Akawaita majirani waje wasikie. "Anataka ufunguo! Miaka saba anatafuta njia, leo ameipata. Paka anaomba kulinda samaki."

"Gari ni lako," alisema Birago.

"Kumbuka hivyo hivyo."

Jumamosi waliondoka asubuhi, wote wawili katika vitambaa vyeusi. Mzee Gyebi alijaza tangi hadi juu, akapima, akafunga. Kiti cha mbele kiliwekwa mablanketi. Birago aliwekwa nyuma, kona ya kulia, chupa mapajani. Gari lilikwenda vizuri. Mzee Gyebi akapiga mluzi. Akasema wakwe zake leo watajua yeye ni nani. Nusu saa ikapita na zaidi. Mlima wa Mampong ulipoanza, injini ikakohoa. Ikakosa mpigo, ikakosa wa pili, gari likavuta kwa kusitasita, likafa.

"Umeona!" alifoka Mzee Gyebi. "Umeona kazi yako!"

Alishuka, akazunguka, akachomoa ufunguo kiunoni. Mdomo wa tangi ulikuwa nje tu ya dirisha la Birago. Alipokizungusha kifuniko, Birago akasikia sauti: fyuuuu, ndefu, kama mtu aliyezuiwa pumzi kwa muda mrefu na sasa ameachiwa. Mzee Gyebi hakuisikia, kwa sababu alikuwa bado anafoka. Akatumbukiza kijiti, kikatoka kimelowa karibu chote.

"Mafuta yapo," alisema, na alionekana kusikitika.

Akafunga, akarudi, akawasha. Likawaka mara moja.

Birago alifunika mdomo kwa kitambaa chake ili asicheke. Basi ndilo hili! Tangi likitoa petroli lazima liingize hewa, na mjinga huyu ameliziba kwa mpira wa lori. Petroli inatoka, hewa haiingii, tangi linaivuta petroli kurudi nyuma, injini inabaki na njaa. Na kila linapozimika, yeye mwenyewe anakuja mbio kuangalia kama ameibiwa, anafungua, hewa inaingia, gari linapona. Mtu wa kabureta, mtu wa koili, wa plagi, wa pampu, wote walisifiwa kwa kazi iliyofanywa na kijiti cha bahili.

"Mzee," alisema, "legeza hicho kifuniko kidogo tu. Tutafika na tutarudi."

"Kilegee, halafu?"

"Halafu gari lipumue."

"Lipumue!" Mzee Gyebi alimtazama kwenye kioo. "Una mpira wa kunyonyea petroli humo kwenye kitambaa chako? Nyamaza ushike chupa."

Birago angeweza kusisitiza. Angeweza kumweleza neno kwa neno, kama mtu anavyomweleza mtoto. Lakini alilitazama shingo lile nene mbele yake, lenye mikunjo mitatu ya kuridhika, akaona hapana. Akajua ni umbali gani umebaki, na akajua gari litazimikia wapi, kama si mlangoni basi hatua chache kabla. Akashika chupa zake akanyamaza. Na aonje.

Vipaza sauti vya msiba vilisikika kabla kijiji hakijaonekana. Vijana walipoliona gari walikimbia mbele, na mtangazaji akapaza sauti: "Mkwe anaingia! Mkwe wetu, fundi mkuu wa Magazine, anaingia na gari lake!" Ngoma zikaitikia. Mzee Gyebi akanyoosha mgongo, akatoa mkono dirishani. Gari likapita turubai la kwanza. Likakohoa. Likakohoa tena, likaruka kama mwenye kwikwi, likafa katikati ya uwanja, mbele ya safu ya wazee wa ukoo, likiwapa kisogo chenye maandishi yake.

Opanin Dwomoh, msemaji wa ukoo, mzee mwembamba mwenye fimbo yake, aliuliza kwa upole, "Mkwe, gari limezimia kwa uchungu, au ndivyo lilivyo?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

Mzee Gyebi alishuka, jasho jembamba juu ya mdomo. "Ni huyu msichana! Nimemwachia gari jana tu, ameliharibu."

Birago aliziweka chupa chini, akasimama mbele ya wazee, akainama kidogo. "Wazee wangu, bosi wangu aliniahidi. Nikiliponya gari hili, ananiweka huru. Naomba aseme mbele yenu kama ni kweli."

"Ni kweli?" aliuliza Opanin Dwomoh.

Mzee Gyebi aliangalia huku na huku, hakuona pa kutokea. "Ni kweli. Aliwashe basi!"

"Ufunguo," alisema Birago.

Mzee Gyebi aliutoa kama anayeng'olewa jino. Birago alifungua, na safari hii safu nzima ya mbele ilisikia: fyuuuu. Akawaomba vijana waliosimamisha maturubai msumari na jiwe, akakiweka kifuniko juu ya gogo mbali na gari, akatoboa tundu dogo kupita bati na mpira. Akakirudisha. Akawasha gari, likawaka, akalizungusha uwanja mara tatu nne, kisha akaliacha linanguruma muda wote vitu vya mkwe vilipokuwa vikihesabiwa na kutangazwa, na halikukosea hata mpigo.

"Lilikuwa na ugonjwa gani?" aliuliza Opanin Dwomoh.

"Lilikuwa halipumui, Nana," alimjibu kwa heshima ya mzee. " Lilizibwa mdomo."

"Na nani?"

Birago alimtazama tu Mzee Gyebi, na uwanja mzima ukamtazama pia. Hapo ndipo Birago alipokosea. Mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe hawezi kukubali kuondoka hivyo hivyo.

"Wazee," alisema Mzee Gyebi, na sauti yake ikawa laini ghafla, "hebu nisaidieni kufikiri. Kifuniko kina kufuli. Ufunguo ni mmoja, uko kiunoni kwangu. Mtu ambaye hajawahi kukifungua, amejuaje kilicho chini yake?" Akanyoosha kidole. "Miaka saba ninaibiwa petroli. Leo mwizi wangu amejitaja mwenyewe."

Minong'ono ikaanza. Birago aliona nyuso zikigeuka, moja baada ya nyingine. Watu walikuwa wamefurahia fundi, lakini mwizi aliwafurahisha zaidi. Opanin Dwomoh peke yake alitikisa kichwa, lakini yeye alikuwa mzee mmoja, na msiba ulikuwa na mambo mengine.

"Poda isahau," alisema Mzee Gyebi, akichukua ufunguo wake. "Na gereji yangu isahau."

Iliuma. Birago alikuwa amejiandaa kwa ujinga wake, kwa ubahili wake, kwa majivuno yake. Hakujiandaa kuitwa mwizi kwa sababu ya kuwa na masikio. Alirudi Kumasi juu ya lori la viazi vikuu, msumari ule ukiwa umefungwa kwenye pindo la kitambaa, na alilia hadi Mampong, kisha akaacha.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Fosuaa, akamwomba kopo la poda aliyompaka mjukuu wake. Akasimama katikati ya njia, mbele ya mafundi wote, akajimwagia mwenyewe. Kopo zima.

"Nani amekuweka huru?" walimuuliza wakicheka.

"Mzee Gyebi. Waulizeni wakwe zake."

Fosuaa alimpa nafasi nyuma ya kibanda chake. Lakini poda ya kujimwagia haikuleta magari. Mzee Gyebi alipita kila gereji akisema habari za mwizi, na watu walitikisa vichwa. Wiki tatu Birago alitengeneza mashine ya kusaga pilipili, toroli mbili na baiskeli. Aliwadharau wote waliompita, akawadharau kwa moyo wake wote, lakini dharau haichemshwi ikaliwa. Aliishi kwa ndizi za Fosuaa.

Kumbe habari nyingine nayo ilikuwa imetoka Mampong. Vijana wa maturubai walikuwa na ndugu zao Magazine. Pijo la Mzee Gyebi likawa linapita, mtu fulani kutoka mahali fulani anapiga kelele, "Lipumue!" Akishuka kupima mafuta, wanaitikia kwa pamoja: "Fyuuuu!" Ikafika mahali hakuthubutu kukigusa kifuniko chake hadharani.

Ndiyo maana siku ile, mchana kweupe, pijo lilikuja likisukumwa na wanagenzi wake wanne. Yeye alifuata nyuma, kofia mkononi. Likasimama mbele ya kibanda cha Fosuaa. Birago alikuwa anakula. Aliendelea kula.

Kutoka pale alipokaa alikiona kifuniko. Kwenye lile tundu lake palikuwa na risasi ya kuchomelea, bado inang'aa. Mjinga alikuwa ameliziba tena, asije akaibiwa petroli kwa tundu la msumari.

"Gari limekufa," alisema Mzee Gyebi.

"Pole. Mpelekee mtu wa kabureta."

"Nimempelekea."

"Wa koili je? Wa pampu? Mbona Magazine ina mafundi wengi, Mzee. Hapa kuna mbuzi tu."

Fosuaa alipiga kofi kwenye paja. Nyundo ya banda la jirani ikanyamaza, na ya pili yake, hadi upande mzima wa njia ukawa kimya. Kila mtu pale alijua kwamba bosi hapeleki gari lake kwenye banda la mwanagenzi ambaye hajamweka huru.

"Birago," alisema Mzee Gyebi kwa sauti ya chini, "liangalie tu. Kesho nina safari."

Birago alinawa mikono, akaifuta polepole. "Nitaliangalia. Lakini mimi nimeitwa mwizi. Siwezi kubaki na petroli ya mtu hivi hivi. Pima kwanza."

"Nini?"

"Pima mafuta, Mzee. Kama mteja anavyompimia fundi."

Alielewa. Birago aliona hasa alipoelewa, maana shingo lile lilishuka mabegani. Aligeuka kutazama njia aliyojia, akawaona wanagenzi wake, akaviona vichwa vilivyojipanga kwenye kila mlango. Kisha mkono ukaenda kiunoni, ukafungua kamba.

Kifuniko kilipolegea, tangi likavuta pumzi yake ndefu, na hakuna aliyethubutu kuitikia. Mzee Gyebi akatumbukiza kijiti, akakitoa, akaweka ukucha wa dole gumba pale unyevu ulipoishia. Akakinyoosha kuelekea kwa Birago, macho yake yakiwa chini.

"Hapa," alisema.

Birago hakuharakisha. Aliinama, akaitazama alama ile kwa makini, akaitazama tena.

"Nimeona," alisema, akatoa msumari wake.